Sauti Niliyomtumia Uzi

Mimi nauza vifungo. Vifungo, zipu, lastiki, nyuzi za kila rangi na sindano za cherehani, na duka langu ni dogo kiasi kwamba mteja mnene akiingia inabidi mimi nitoke. Watu huniita Mama Vifungo, na wasionipenda huongeza kwamba mdomo wangu ndio pekee ambao haujawahi kupata kifungo. Sikatai. Nimeanza na aibu yangu mwenyewe kwa sababu habari za jirani yangu Uzi siwezi kuzisimulia kama mtu aliyekaa mbali akitazama.

Uzi ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi na duka langu vimetenganishwa na ukuta wa mbao usiozuia kitu. Akipiga chafya huko, mimi huku namwombea afya. Zamani kile chumba kilikuwa cha watu wawili, yeye na dada yake mkubwa. Dada alikata, mdogo alishona, basi mtaa mzima ukawapa majina: Mkasi na Uzi. Mama yao alifariki Uzi akiwa na miaka sita na Mkasi kumi na sita. Ni Mkasi aliyemlea mwenzake, akamwogesha, akampeleka shule, na jioni akamkalisha chini na kumfundisha kutunga uzi kwenye sindano.

Walikuwa na namna yao ya kupima wateja. Mkasi alizungusha tepu mwilini mwa mtu na kutaja namba kwa sauti: kifua, kiuno, bega, mkono. Kwa kila namba Uzi, bila hata kuinua macho kwenye cherehani, aliitika, "Ninayo." Hawakuandika popote. Mteja alipimwa Jumatatu, akaja Ijumaa, nguo ikamkaa sawasawa. Niliwahi kuuliza wanawezaje, Mkasi akanijibu kwamba namba akiisahau yeye, mdogo wake anayo. Na wakiisahau wote wawili, basi kosa ni la mteja, amenenepa.

Wote wawili walikuwa watu wa kanisa. Mkasi aliamini kama alivyokata kitambaa, mstari mmoja bila kurudiarudia. Uzi alikuwa mtu wa kutafuta, na alikuwa na sababu. Ameolewa na dereva wa malori, mwanaume mpole anayezungumza kwa nadra kama vile maneno yanauzwa. Mimba tatu zilimtoka, ya tatu ikiwa imefika miezi sita. Baada ya hiyo ya tatu nilimsikia kupitia ukutani akimwomba Mungu amwambie neno moja tu, hata kama ni la kumkatalia. Nilizima redio yangu nisikie kama atajibiwa. Ndivyo nilivyo.

Mchungaji wao ana kigugumizi. Mahubiri ya dakika ishirini humchukua saa nzima, na watu humpenda sana kwenye misiba, ambako si lazima aseme mengi. Kwenye simu hali ilikuwa tofauti. Kulikuwa na manabii wenye sauti nzito, kinanda kikilia taratibu nyuma yao, na hakuna hata mmoja aliyekwama kwenye neno. Uzi akaanza kuwasikiliza akishona, vidude vya kusikilizia simu vimejaa masikioni tangu anapofungua mlango hadi anapoufunga. Mmoja alisema afunge siku saba. Mwingine alisema anayefunga hana imani. Mmoja alitaka ajipake mafuta tumboni, mwingine akasema mafuta yale yale ndiyo yaliyomfunga. Uzi aliwatii wote kwa zamu. Mkasi alikuwa akimtania, "Mdogo wangu, hata Mungu akitaka kukupigia, atakuta simu inatumika." Uzi alikuwa akicheka. Siku zile alikuwa bado anacheka.

Sasa nifike kwenye langu. Asubuhi moja mteja wangu alinitumia kwenye simu sauti ya nabii ambaye hata yeye hamjui. Aliipata kwa mwingine, naye kwa mwingine. Nikaifungua huku nahesabu vifungo vya shati. Nabii akasema: "Leo hii Bwana amenionyesha mwanamke, na ananisikiliza sasa hivi. Tumbo lake limefungwa. Aliyelifunga ni mtu wa nyumbani mwake, na mkononi ameshika kitu chenye makali. Kikulacho ki nguoni mwako! Mwondoe, nawe utabeba." Katikati ya maneno hayo lori likapiga honi mara tatu, nabii akakohoa, akaendelea. Mimi nikatoka mlangoni kuangalia ni lori la nani, kumbe ni la kwenye simu.

Mimi nina watoto wanne na tumbo langu halijafungwa na mtu, ingawa kuna siku nilitamani. Niligeuka nyuma, nikamwona mama mkwe wangu, aliyekuja kunitembelea, ameketi kando ya mlango na kisu anamenya viazi. Nikacheka peke yangu hadi vifungo vikanimwagika. Kisha nikakumbuka lile neno tumbo, na nikamkumbuka Uzi, na nikamtumia. Sikuwaza zaidi ya hapo. Wanasema ulimi hauna mfupa. Kidole changu kina mfupa na hakikunisaidia chochote.

Nilisikia cherehani yake ikisimama. Upande wa pili wa meza Mkasi alikuwa anakata majoho ya kwaya, na mkasi wake ule mkubwa ulikuwa unagonga mbao kila unapofunga, ko, ko, ko. Uzi aliniambia baadaye kwamba aliinua macho akauona mkono wa dada yake na ule mkasi.

Siku mbili alishona tu. Siku ya tatu akamwambia dada yake aondoke, na akamweleza kwa nini. Nilitega sikio langu lote ukutani. Mkasi aliuliza jambo moja tu, kama shemeji anajua, akaambiwa shemeji yuko safarini. Akavaa viatu vyake vya kutokea. Alipopita mbele ya duka langu nilijifanya nahangaika na kasha la zipu. Kesho yake Uzi akaniletea keki, akanishukuru, akasema Mungu amenitumia. Nami nikaila ile keki.

Miaka minne ikapita. Uzi akawa anakata mwenyewe, na Mungu anisamehe, hajui kukata. Mikono ya mashati yake iligombana, mmoja mrefu mmoja mfupi. Suruali zilivuta upande mmoja. Wateja walimvumilia kwa sababu pindo zake ni za ajabu, huoni uzi ulipopita. Lakini kilichonimaliza mimi ni upimaji. Alizungusha tepu, akataja namba, kisha akanyamaza. Namba, kimya. Namba, kimya. Aliacha nafasi ile kwa kila kipimo, na hakujua kwamba anaiacha. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikaitika kutoka upande wangu wa ukuta, "Ninayo." Kule chumbani kukatulia tuli, kisha nikasikia mteja akiuliza, "Fundi, mbona unalia?"

Mume aliporudi kutoka safari ile na kujua, hakupiga kelele. Alimtafuta shemeji yake wiki nzima, akampata, na Mkasi akamwomba amwache alipo. Kwa mkewe alisema sentensi moja, nami niliisikia: kwamba mtoto anamtaka, lakini si kwa kumtupa dada aliyemlea mkewe. Uzi akamjibu kwamba imani ina gharama. Usiku na mchana wa nyumba ile ukabaki hivyo, watu wawili wenye adabu wakipeana chumvi mezani.

Na mtoto hakuja. Uzi alipoanza kuniuliza habari za nywele nyeupe, nilijua alikuwa anahesabu miaka.

Mchungaji alijaribu. Alileta shati lake kugeuziwa kola iliyochakaa, na mimi nikaingia na kifungo ambacho hakuna aliyekiomba, nipate pa kusimama. Alimuuliza Mkasi yuko wapi. Uzi akaeleza, akataja na sauti ya nabii. Mchungaji alitoa jasho, akaanza, akakwama, akaanza upya.

"Mi-mimi si mjuzi wa sauti," akasema. "Ya kwangu mwenyewe inanishinda. Lakini Bwana akinikemea, nikimaliza kulia huwa kuna mtu natakiwa nimwendee. Hiyo yako, uki-ukimaliza kuisikiliza, unamwendea nani?"

Uzi akaendelea kushona kola. Akamwambia, kwa heshima zote, "Mchungaji, wewe una watoto watano."

Mchungaji akainamisha kichwa, akaomba radhi, akachukua shati lake kola ikiwa imeshonwa nusu. Jumapili iliyofuata alilivaa vivyo hivyo. Mimi nilimcheka, na nyumbani nikamwiga mbele ya watoto. Lakini lile swali lake lilinifuata, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na mtu wa kumwendea, na mtu huyo alikuwa nyuma ya ubao mmoja tu. Sikumwendea.

Basi mwaka jana, mchana mmoja wa kawaida, Uzi akaingia dukani kwangu bila kubisha. Uso wake uling'aa. Sikuwa nimeuona hivyo kwa muda mrefu, na nilifurahi kabla sijajua ni kwa nini.

"Amenikumbuka," akasema. "Amenitaja tena leo, Mama Vifungo. Sikiliza."

Akaweka simu juu ya meza yangu, katikati ya vifungo. Leo hii Bwana amenionyesha mwanamke. Ananisikiliza sasa hivi. Mtu wa nyumbani mwake, kitu chenye makali. Kisha honi, mara tatu. Kisha kikohozi.

Ningeweza kunyamaza. Nataka mlijue hilo. Ningesema amina, angeenda zake na furaha yake, na mimi ningebaki mtu aliyetumiwa na Mungu. Nilimtazama jinsi alivyoshika ukingo wa meza akisubiri niseme neno jema.

"Ni ile ile," nikamwambia.

Akasema haiwezekani, nabii amesema leo. Nikamwambia alisema leo hata siku ile. Mimi sifuti kitu kwenye simu yangu, ni uvivu tu. Nikarudi nyuma miaka minne, nikapita picha za harusi na matangazo ya misiba, nikaipata. Tukaiweka simu yake na yangu pamoja. Yake ikamaliza, yangu ikaanza. Honi. Kikohozi. Akairudia yangu, akairudia yake. Mara ya tatu alikuwa anahesabu honi kwa kidole.

Hakulia. Aliketi juu ya sanduku la nyuzi, akaniuliza kwa upole ambao sitausahau.

"Wewe ulipoisikia mara ya kwanza, ulimwona nani?"

Nikamwambia kweli. Nilimwona mama mkwe, ana kisu, anamenya viazi.

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka."

"Sasa mbona hukuniambia kwamba ulicheka?"

Nimeishi miaka hamsini na mitatu nikiwa na jibu kwa kila mtu, wakiwemo maaskari. Kwa swali hilo sikuwa nalo, na sina hadi leo. Nilimwomba msamaha, na maneno yalitoka vipande vipande kama ya Mchungaji. Alinisikia. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Alinishika mkono kwa muda, na akili yake ilikuwa mbali sana na mimi.

Kisha akaongea. Alisema alimwomba Mungu neno moja, akachoka kungoja, akachukua la kwanza lililopita mlangoni. Na jambo baya zaidi, alisema, ni kwamba hakuachwa bila jibu. Kila alipopiga magoti kuomba mtoto, lilimjia jina la dada yake. Lilimjia akiosha vyombo, lilimjia akitunga sindano. Hakuna aliyelipaza wala kulipigia kinanda. Ni jina tu, na hamu ya kwenda. Akadhani ni majaribu, akaongeza sauti ya simu.

"Nimemkosa dada yangu kuliko nilivyomkosa mtoto," akasema. "Mtoto sijawahi kumsikia akiniita. Dada naijua hata pumzi yake akikata kona ya kola."

Tulifunga milango, yeye chumba chake, mimi duka langu, saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kufanya hata nilipofiwa. Dereva alikuwepo nyumbani. Alitueleza mahali bila kuuliza swali, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifuta uso kwa kiganja. Mkasi alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha zahanati, ng'ambo ya pili ya mji. Njiani Uzi alivitoa vile vidude masikioni, akavitia mfukoni. Midomo yake ilikuwa inacheza, naye anapanga maneno.

Chumba cha kufulia kilikuwa na joto na harufu ya sabuni na pasi. Mashuka yalipangwa hadi darini. Mkasi alikuwa peke yake mezani, anakunja. Amekonda, na kichwa kimekuwa cheupe pembeni. Alipotuona mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea, pembe kwa pembe.

Uzi akapiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye maji. Maneno aliyoyapanga njia nzima hayakutoka. Akasema tu, "Shikamoo, dada."

Mkasi akaitika marahaba. Akaweka shuka juu ya mashuka mengine, akauliza, "Umepata mtoto?"

"Hapana, dada."

Hapo Mkasi akaketi. Alishika kifua kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Akasema alikuwa anangoja kusikia. Miaka yote minne alikuwa akimuuliza habari kila mtu aliyetoka mtaani kwetu, akitumaini kuambiwa mdogo wake amejifungua. Alijiambia kwamba kama yeye ndiye kizuizi, basi akikaa mbali mtoto atakuja, na mtoto akija, yeye Mkasi atakuwa amejua ukweli kuhusu mkono wake mwenyewe. Alikuwa tayari kuujua. Kazi ya kukata aliiacha siku ile ile aliyoondoka. Hajashika kitu cha makali tangu hapo. Hata kucha zake hukatwa na mwanamke anayefanya naye kazi. Na kila asubuhi, kabla ya kuanza kukunja, aliomba kwamba kama kuna kitu mkononi mwake asichokijua, Bwana akitoe.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuja na maungamo yangu tayari, nimeyapanga vizuri, nimeyatia hata utani kidogo. Yalinigeuka mdomoni nikayameza.

"Ilikuwa uongo, dada," Uzi akasema. "Nabii yule hakujui. Hata mimi hanijui. Sauti yake inarushwa kwa kila mtu, alisema 'leo' miaka minne iliyopita na leo tena amesema 'leo'. Usimwamini."

Mkasi alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na kama ingekuwepo tungepumua kwa nafuu.

"Nabii mimi simjui," akasema. "Sijawahi hata kumsikia. Niliyemsikia ni wewe."

Pasi kule kwenye kona ilikuwa inatoa mvuke. Nilimwona Uzi akilipokea lile neno, na nikaona alivyojitahidi asilitupe kwa mtu mwingine. Asilitupe kwa nabii, wala kwangu, na angeweza, nilikuwa hatua nne tu kutoka pale. Akasogea kwa magoti hadi kwenye kiti cha dada yake. Akachukua ile mikono miwili, iliyochakazwa na sabuni, akaitazama ndani na nje.

"Basi nisikie mimi," akasema. "Hukunifunga. Hukunifanyia kitu kibaya, hata siku moja. Mikono hii ndiyo iliyonilea."

Mkasi akafumba macho. "Sema tena," akasema.

Uzi akasema tena, polepole, neno kwa neno. Mkasi akatikisa kichwa kama mtu mwenye sikio zito, akamwomba tena, na Uzi akaanza upya kutoka mwanzo. Walipofika mara ya nne niliona kwamba sasa yanayosemwa hayanihusu, na kwamba watakuwa na kazi hiyo kwa siku nyingi. Nikatoka nje, nikauvuta mlango nyuma yangu.